Kitabu cha Kihispania cha mtoto, nani atakisoma nyumbani?

Mwambie mtoto wa miaka mitano aandike "bibi", ataandika "bb". Mwambie aandike "kiti", ataandika "kit". "Dirisha" litatoka "drisha". Mzazi anadhani mtoto ni mvivu wa kumalizia maneno, kumbe ameandika sawasawa na alivyofundishwa, kwamba B inaitwa bii, T inaitwa tii na D inaitwa dii. Kama B yenyewe tayari ni "bi", hiyo i nyingine ya nini? Utaliona kosa hili kwenye madaftari popote pale wimbo wa ei, bii, sii ulipotangulia ba, be, bi, bo, bu. Darasa la kwanza mwalimu atatumia miezi kuliondoa, maana KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ya shule zetu inafundisha herufi kwa sauti zake.

Naanza na kosa hilo kwa sababu linaeleza tatizo la vitabu vya lugha vinavyouzwa kwa ajili ya watoto wadogo, vya Kiingereza, vya Kifaransa na sasa hata vya Kihispania. Mtoto ambaye hajajua kusoma hasomi kitabu. Anasomewa na mama, baba, bibi, kaka wa darasa la tano au dada wa kazi, naye anakipokea kwa masikio. Anachojifunza ni kile kinachotoka kinywani mwa huyo msomaji. Kwa hiyo swali la kwanza unaposhika kitabu cha namna hii, kiwe kipya dukani au cha mitumba kwenye turubai kando ya barabara, ni nani atakisoma nyumbani, na je, ulimi wake utakiweza.

Kwa kipimo hicho, mzazi wa Mwanza yuko karibu na Kihispania kuliko anavyofikiri, na pengine kuliko alivyo karibu na Kiingereza.

Kiswahili kina irabu tano: a, e, i, o, u. Kihispania kina hizo hizo tano, na kila moja inabaki na sauti yake popote inapokaa. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20 zinazogombea herufi chache tu. Mama aliyeishia darasa la saba akikutana na maneno ya Kihispania gato (paka), mesa (meza), mano (mkono), boca (mdomo, c hapa ni k), luna (mwezi) na leche (maziwa), atayasoma kama yalivyoandikwa na Mhispania atamwelewa. Hata mkazo umekaa pale pale. Neno la Kihispania linaloishia na irabu, au na n au s, hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili. Likivunja kanuni hiyo huwekewa alama juu ya irabu, kama kwenye mamá, na msomaji anajua pa kukaza.

Sarufi nayo haimtishi mtu wa lugha ya Kibantu. Mswahili akisema "nataka maji" hahitaji kutanguliza "mimi", na Mhispania akisema "quiero agua" hahitaji pia, kwa kuwa kiini cha nafsi kimo ndani ya kitenzi. "Unataka maji?" tunaifanya swali kwa kiimbo tu, na "¿Quieres agua?" ni hivyo hivyo. Ile alama ya kuuliza iliyopinduliwa mwanzoni ni msaada kwa anayesoma kwa sauti, kwani inamwambia mapema apandishe kiimbo. Na kwa mtoto anayekua na kitabu kizuri, vitabu vizuri, si ajabu kusikia el libro rojo, los libros rojos (kitabu chekundu, vitabu vyekundu). Upatanisho ni mali yake tangu anyonye.

Yapo hata maneno yenye ukoo mmoja. Meza yetu ilitoka kwa Wareno, ndugu wa karibu wa Wahispania kwa lugha, na bendera vilevile, ambayo Mhispania anaiita bandera. Sukari na azúcar, zeituni na aceituna, zafarani na azafrán, hata na hasta, yote chimbuko lake ni Kiarabu. Kwetu yalipita pwani, kwao yalibaki kutoka karne ambazo Waarabu walitawala sehemu kubwa ya Hispania. Kitabu kizuri kwa mtoto wa Kiswahili kingeanzia hapo. Vinavyotufikia havikutungwa kwa kumfikiria yeye.

Wapo wanaouliza Kihispania cha nini kando ya Ziwa Victoria. Ni lugha rasmi ya nchi zipatazo 20, ikiwemo Guinea ya Ikweta hapa Afrika, na ni mojawapo ya lugha za Umoja wa Afrika pamoja na Kiswahili. Wageni wanaoizungumza wanakwenda Serengeti. Watoto wanaisikia kila wiki kwenye majina ya wachezaji mpira. Inatosha.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe, ambao kwa upande wetu wa nchi uko kwenye l na r. Kisukuma kwa asili hakitenganishi sauti hizi mbili. Mtoto aliyelelewa na bibi yake huko Magu au Kwimba huzipokea kwa kuchelewa anapohamia kwenye Kiswahili, na wapo watu wazima wasomi ambao kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari bado vinawapiga chenga. Si aibu, ni historia ya ulimi. Ila Kihispania kinataka utengano wa ngazi tatu:

pelo ni nywele,
pero ni lakini,
perro ni mbwa.

L ya kwanza ni ya "kula". R moja ya pero ni ile ya "kura", ncha ya ulimi inagonga mara moja tu nyuma ya meno ya juu. Rr mbili za perro zinatetema, ulimi unagonga mara mbili tatu mfululizo. Na r inayoanza neno, kama rojo (nyekundu), hutetema vilevile ingawa imeandikwa moja.

Msomaji asiyetenganisha l na r asikiache kitabu kwa sababu hiyo, lakini aanzie kwenye Kiswahili. Kwa wiki mbili achezee na mtoto jozi za kwetu: "kula, kura", "kalamu, karamu", kwanza kusikiliza tu, mtoto aonyeshe picha ya lile lililotajwa. Masikio yakishatenganisha, ulimi unafuata. Rr haihitaji somo. Karibu kila mtoto wa Mwanza anaiga bodaboda ikipanda mlima wa Bugando, na mtetemo ule wa "rrrr" ndio wenyewe. Aanze na bodaboda, kisha "rrro", kisha "pe-rrro". Asipoweza akiwa na miaka minne, mwache. Hata watoto waliozaliwa kwenye Kihispania, rr ni miongoni mwa sauti wanazozipata mwishoni, wengi wakiwa wamefikisha miaka mitano au zaidi. Anayemlazimisha mtoto kurudia neno mara kumi mbele ya wageni anamfundisha kunyamaza.

Ugumu wa pili uko kwenye herufi, na hapa nina msimamo mkali. Mtoto ambaye hajamaliza kuzoea silabi za Kiswahili asifundishwe kusoma maandishi ya Kihispania. Asikie, aseme, aimbe, acheze. Maandishi yawe ya msomaji mkubwa. Sababu ni kwamba herufi ni zile zile lakini kazi zake zimebadilishwa. H haitamkwi kabisa, hola (habari) inasomwa "ola". J ni kh ya Khamisi, na anayeshindwa kh akisema h ataeleweka, kwa hiyo jirafa (twiga) ni "hirafa". G mbele ya e na i hufanya kazi hiyo hiyo ya j. V husikika kama b, hivyo vaca (ng'ombe) ni "baka". Ll kwa wazungumzaji wengi ni y. Ñ ni ny yetu, niño ni "ninyo". Qu ni k, queso (jibini) ni "keso". Z, na c inayofuatwa na e au i, ni s kwa watu wa Amerika ya Kusini, ila sehemu kubwa ya Hispania ni th ya thamani. Chagua s, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na wazungumzaji wengi zaidi, na midomo mingi ya kwetu inayosema "samani" badala ya thamani haitasumbuka. Mtoto anayepambana kutofautisha ja na ha kwenye daftari la shule, ukimwonyesha kwamba ja nyingine inasomwa ha, unambomolea ukuta ambao haujakauka. Akifika darasa la tatu anasoma Kiswahili bila kukwama, mambo haya utamweleza kwa jioni moja.

Kuna jambo dogo linaloharibu vitabu vingi kwa msomaji wetu, nalo ni mwongozo wa matamshi ulio chini ya picha. Vitabu vingi vya Kihispania vinavyotufikia vilichapwa kwa ajili ya watoto wanaojua Kiingereza, kwa hiyo matamshi yameandikwa kwa jicho la Kiingereza: agua imewekwa "AH-gwah", gato "GAH-toh", leche "LEH-cheh". Mswahili akifuata mwongozo huo anaingiza h ambazo hazipo na kuziburuta irabu. Chukua kalamu ya wino mzito uufute wote. Soma neno lenyewe, ukikumbuka zile herufi chache zilizobadilishwa kazi.

Mzazi asiyejua Kihispania atajuaje kama kitabu kimeandikwa na mtu anayeijua lugha? Fungua ukurasa wa maji. Neno agua ni la kike, lakini kwa kuwa linaanza na a yenye mkazo, linatanguliwa na el: el agua. Ukikuta "la agua", rudisha kitabu. Kisha tafuta mkono. Mano inaishia na o lakini ni ya kike, la mano. Ukikuta "el mano", rudisha. Kama kitabu kina lugha mbili na moja ni Kiswahili, tafuta wanyama. "Simba kubwa" au "twiga hii" ni dalili kwamba tafsiri imefanywa na mashine na hakuna Mswahili aliyeipitia. Simba ni mkubwa, twiga ni huyu. Na kitabu kinachotaja majina bila el wala la, gato tu, casa tu, kinamnyima mtoto nusu ya neno. Itabidi baadaye ajifunze upya kila jina na jinsia yake, wakati angelimeza vyote pamoja bila kujua.

Hesabu pia maneno na vitenzi. Kitabu cha kurasa 12 chenye maneno mia kinavutia kwa kuwa kinaonekana kina mali nyingi. Msomaji atanyoosha kidole kwenye vitu vinane kila ukurasa, mtoto atafuata viwili, na kesho yake hakuna kilichobaki. Kwa mtoto wa miaka miwili hadi minne, picha moja na sentensi moja kwa ukurasa zinatosha, na sentensi iwe na kitenzi. Rundo la majina matupu ni orodha ya dukani, halimpi mtoto la kumwambia mtu. "Quiero pan", nataka mkate, linampa. Vitabu vinavyorudia swali moja kila ukurasa, ¿Dónde está el gato? (paka yuko wapi?), na jibu moja, Aquí está (huyu hapa), ni bora kuliko vingi vya bei kubwa, kwa sababu kufikia ukurasa wa nne mtoto anajibu kabla hujamaliza kuuliza.

Vipo vitabu vyenye vitufe vya sauti. Mzazi anavipenda kwa kuwa anadhani vitamaliza tatizo la matamshi. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake nchini Marekani walitoa matokeo ya jaribio kwa watoto wachanga wa miezi tisa hivi, wa familia za Kiingereza. Watoto waliosomewa na kuchezeshwa na watu wanaozungumza Kichina, vipindi 12 vya dakika 25, walijifunza kutenganisha sauti za Kichina ambazo Kiingereza hakina. Wenzao waliopewa vipindi hivyo hivyo kwa video au kwa sauti tupu hawakujifunza. Mtoto hujifunza sauti kutoka kwa mtu anayemtazama usoni. Kitufe kimsaidie mzazi kusikia neno usiku, watoto wakiwa wamelala, kisha asubuhi alitamke yeye. Afadhali zaidi ukimpata mwongoza watalii au mgeni mwenye Kihispania akurekodie kurasa zako kwenye simu kwa dakika tano.

Na vitabu hivyo vina hatari ambayo haisemwi vya kutosha. Ndani yake mna betri ndogo za duara kama kifungo cha shati. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Angalia kifuniko cha betri. Kama hakijafungwa kwa skrubu, usinunue. Kama kimefungwa lakini skrubu imepotea, toa betri zote kitabu kibaki cha picha. Ukihisi mtoto amemeza, hospitali mara moja, usisubiri dalili.

Kusoma kwenyewe kusizidi dakika kumi kwa siku, na maneno mapya yasizidi manne kwa wiki. Siku mbili za kwanza msomaji anasema, mtoto anaangalia. Siku ya tatu muulize aonyeshe. Kusema kutakuja kwenyewe, kwa mwingine wiki ya pili, kwa mwingine ya tano. Neno la kitabuni litoke kitabuni siku hiyo hiyo: agua itajwe kwenye ndoo wakati wa kuoga, mesa itajwe wakati wa kula. Kosa la kawaida ni kutafsiri kila neno papo hapo, agua maji, agua maji, kama wimbo wa kukariri. Mtoto husubiri lile analolijua na kuliacha jingine lipite. Sema Kiswahili mara moja mwanzoni, kisha acha picha ifanye kazi. Na kwa kila kitabu cha lugha ya kigeni, viwepo viwili vya Kiswahili ndani ya nyumba. Hilo naliona kama sharti, maana lugha ya pili inajengwa juu ya masimulizi, maswali na maneno mengi ambayo mtoto tayari anayo kwa lugha ya kwanza.

Asiyepata kitabu kinachofaa anaweza kutengeneza. Mitandao ya African Storybook na StoryWeaver inaruhusu hadithi zake kuchapwa bure, na StoryWeaver inazo za Kiswahili na za Kihispania. Kilicho bora zaidi kwa mwanzo ni kijitabu cha nyumbani. Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 16, na jalada liwe la manila. Upangaji wa kurasa huwachanganya watu wengi pale steshenari, lakini kanuni yake ni moja: kurasa mbili zinazolala upande mmoja wa karatasi, jumla yake ni 17. Yaani 16 na 1, 2 na 15, 14 na 3, mpaka 8 na 9 pale katikati. Chora kwa penseli za rangi, kwa kuwa makapeni hupenya upande wa pili. Nakala itolewe kwa mashine ya wino wa unga, maana wino wa maji huchuja mtoto akishika na mikono mibichi.

Stepla ya kawaida haifiki katikati, na pini zake huchoma vidole. Shona. Mgongo wa kijitabu una sentimita 21, toboa matundu matatu kwenye mkunjo, sentimita 3, 10.5 na 18 kutoka juu. Chukua sentimita 60 za ule uzi mwembamba wa nailoni wa kushonea nyavu. Ingia tundu la katikati kutoka ndani kwenda nje, rudi ndani kwa tundu la juu, pita ndani moja kwa moja hadi tundu la chini utoke nje, kisha urudi ndani kwa la katikati. Ncha mbili zikutane zikiwa na uzi mrefu kati yake, funga fundo juu ya uzi huo, kata mabaki.

Ukurasa wa kwanza ni jina, wa 16 ni kumbukumbu za matamshi kwa ajili ya msomaji, na kati yake una jozi saba, picha kushoto, maneno kulia. Kama nyumba ina Kisukuma, kiandikwe juu: minzi, maji, el agua; kisha ng'wana, mtoto, el niño. Bibi atakisoma mstari wake kwa fahari na mtoto ataona lugha zake zote zimekaa ukurasa mmoja. Meza, nyumba, paka na mbwa vichukue jozi nne zinazofuata.

Jozi ya mwisho iwe samaki, na hapa vitabu vya dukani vinatupotezea nafasi nzuri. Vinachora kisamaki cha rangi ya chungwa kwenye bakuli la kioo na kuandika el pez, basi. Lakini Kihispania kina maneno mawili. Aliye hai majini ni el pez. Akishavuliwa kwa ajili ya kuliwa anakuwa el pescado. Mtoto wa Mwanza ana haki ya kuyapata yote mawili, kwani anawajua wote wawili. Hapa picha zikae pande zote mbili: chora sato ndani ya maji kwenye ukurasa wa 14, na wa 15 umchore sato yule yule kwenye beseni la mama muuza samaki pale Mwaloni. Siku ya tatu, unapofika zamu ya kuuliza, mchoree mtoto pembeni sangara aliyenaswa kwenye wavu, mkia bado umo majini, umwache aamue mwenyewe kama huyo ni pez au pescado.